Shangazi wa Santuri anajibu: Kumbe ulikuwa panki?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, kwamba mwaka 1977 nilikuwa na miaka 17, nakaa London na wazazi wangu, na nilikuwa panki. Basi, nikapita zangu kwenye mambo mengine. Sikutegemea barua zote hizi jamani. Zingine zimenifurahisha, zingine zimenitoa machozi kabisa, na mhariri kaniachia kurasa zote za mwezi huu nijibu. Nimechagua saba.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 22. Nilivyosoma kwamba ulikuwa panki nikajua unasema ile ya kunyoa pembeni unaacha katikati, dada yangu akaniambia hapana ule ni muziki. Sasa ni kipi? Na ilikuwaje siku ya kwanza? – Mpwa wako

Marahaba mpwa wangu. Ni muziki kwanza, roki ya kasi na kelele, nywele zimekuja nyuma. Hata ile ya kusimamisha katikati kama kilemba cha jogoo unayoiona kwenye mapicha ilishika zaidi miaka ya 1980 mwanzoni, sisi wa 1977 tulikuwa tunakata fupi tu, ovyo ovyo, unamkata mwenzako naye anakukata, bafuni, na mkasi wa kukatia vitambaa.

Siku ya kwanza naikumbuka kama juzi. Kulikuwa na klabu inaitwa Roxy, mtaa wa Neal Street pale Covent Garden, na usifikirie Covent Garden ya watalii ya sasa hivi, soko la mboga na matunda lilikuwa limehamishwa kutoka pale tangu 1974 na mitaa imebaki mitupu, maghala yamefungwa, giza, unatembea unasikia viatu vyako mwenyewe. Mapanki waliipata ile klabu mwishoni mwa 1976 na msimu ule wa kwanza ulidumu kama miezi minne tu. Miezi minne! Watu wanaizungumzia mpaka leo utafikiri ilikaa miaka ishirini.

Aliyenipeleka ni rafiki yangu wa darasani, wazazi wake wametoka Jamaika, na yeye wala hakuwa na habari na panki, alichosikia ni kwamba kuna kijana pale anapiga rege ya maana. Ilikuwa kweli. DJ alikuwa Don Letts, naye ni mtoto wa wahamiaji wa Jamaika, na kwa vile santuri za panki zilikuwa bado chache mno hazitoshi kujaza usiku mmoja, katikati ya bendi na bendi alikuwa anaweka rege, dabu nzito ile inayokutetemesha mbavu. Kwa hiyo tumeshuka ngazi tunakuta watoto wa kizungu wamejichoma mapini kwenye mashati, macho wameyapaka masizi, wanatikisa vichwa taratibu kwa besi ya Kingston. Rafiki yangu akanishika mkono akaniambia tukae.

Halafu wakapanda X-Ray Spex. Hapa nisikilize vizuri mpwa wangu. Mbele kasimama msichana, rangi yake kama ya binamu zangu, nywele zake za kujisokota hajazinyoosha, ana waya kwenye meno na anacheka nazo bila kuziba mdomo, nguo rangi za kupiga kelele hakuna kinachoendana na kingine. Anaitwa Poly Styrene. Baba yake Msomali, mama yake mzungu wa Uingereza, na hilo jina alilitafuta mwenyewe kwenye kitabu cha simu, alikuwa anataka kitu cha plastiki. Pembeni yake msichana mwingine mdogo kuliko hata mimi anapuliza saksafoni, huyo ni Lora Logic, alikuwa bado wa umri wa kuwa shule. Poly akaanza polepole, kwa sauti ya mtoto mwenye adabu, anasema yale yale tunayoambiwa wasichana kila mahali kwamba mtoto wa kike aonekane tu asisikike, halafu akaachia ukelele... sina namna ya kukuandikia ule ukelele. Nikifumba macho upo hapa kifuani.

Mimi sikuwahi kuona mtu wa kufanana na mimi jukwaani amesimama vile. Hakuwa anaomba tumpende. Alikuwa na kitu cha kusema, habari za maduka, plastiki, matangazo, jinsi watu wanavyouziwa sura zao wenyewe, na alikisema kabla hajaambiwa na mtu kwamba yuko tayari. Nikarudi na basi la mwisho nimekaa juu mbele kabisa, masikio yanalia nziii, jasho limekauka mgongoni, na kulipokucha nikachukua mkasi wa mama. Mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanikalisha akaniweka sawa nyuma, maana nilikuwa nimekata upande.

Nguo tulitengeneza. Lile duka la nguo za panki la Vivienne Westwood na Malcolm McLaren, namba 430 King's Road, tulikuwa tunaenda kuangalia dirishani tu, bei zake hazikuwa za watoto wa shule. Shati la kaka, rangi ya mlango iliyobaki, herufi unachonga kwenye boksi unapuliza rangi juu yake, imetoka.

Shangazi, mjomba wangu akianza stori anasema alikuwepo Manchester siku Sex Pistols walipopiga na ukumbi ulikuwa na watu wachache sana ila wote wakaja kuwa maarufu. Ni kweli? – Mwenye mashaka

Shoo yenyewe ya Sex Pistols, bendi ya panki ya London, ni ya kweli, tarehe 4 Juni 1976, ukumbi mdogo unaitwa Lesser Free Trade Hall. Watu walikuwa wachache kweli na miongoni mwao walikuwemo Peter Hook na Bernard Sumner waliokuja kuanzisha bendi ya Joy Division, pia Mark E. Smith wa bendi ya The Fall, na Morrissey aliyekuja kuimba The Smiths. Mjomba wako simjui kwa hiyo simwamulii, ila ukikusanya wote waliowahi kusema walikuwepo unajaza uwanja wa mpira. Mimi sikuwepo, na pale klabu ya 100 Club, London, Septemba ya mwaka huo huo 1976 kwenye tamasha la siku mbili la panki pia sikuwepo, nilikuwa nalala saa tatu usiku.

Ninachokipenda kwenye stori hiyo mimi sio hata wale mashuhuri. Walioandaa shoo ni vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, walitaka bendi yao nayo ipige usiku huo, ikashindikana maana bendi ilikuwa haijakamilika. Wiki sita baadaye, 20 Julai, Pistols wakarudi na safari hii bendi yao hao vijana, Buzzcocks, ikapanda. Desemba wakaingia studio siku moja, wamekopa kama pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo nne, Januari 1977 wakatoa wenyewe nakala 1,000 kwenye lebo yao wenyewe, na kwenye jalada wakaandika hata kila wimbo ulirekodiwa mara ya ngapi, ili anayetaka kufanya aone hakuna uchawi. Zikaisha haraka ikabidi watengeneze zingine. Leo mtoto anaweka wimbo kwenye simu jioni ile ile haoni ajabu, lakini wakati ule ilikuwa kampuni kubwa ndio zinaamua nani asikike, na hawa wakasema hatusubiri.

Dada yangu, mimi nimeishi Coventry miaka ile, sasa ni babu. Mwanangu wa kiume kaniona nasikiliza The Clash akaniambia baba huo sio muziki wetu, huo wa wazungu. Nilitaka kumjibu nikakwama. Ungekuwa wewe ungemwambiaje? – Babu wa Coventry

Kaka yangu, kwanza pole, najua hilo linavyochoma, maana ni kama kaambiwa mtu kwamba ujana wake aliuazima.

The Clash ni bendi ya panki ya London, lakini mimi ningeanzia Detroit, Marekani. Ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney, wana bendi inaitwa Death na mwaka 1975 wanarekodi muziki wa mwendo kasi ambao ukiusikiliza bila kuambiwa mwaka utasema hii ni panki, wakati Pistols hawajatoa hata wimbo mmoja. Bosi wa kampuni ya santuri akawaambia badilisheni jina niwalipie, David akakataa. Wakatoa santuri ndogo wenyewe 1976, nakala 500, haikwenda popote, mikanda ikawekwa darini. David akafa mwaka 2000 bila kuona chochote, ila aliwaambia ndugu zake itunzeni, watu watakuja kuitafuta. Albamu ikatoka 2009. Kaka mimi nilikaa jikoni nikaisikiliza mara mbili mfululizo nimesimama.

Halafu Washington DC. Bad Brains, vijana weusi waliokuwa wanapiga jazi ya kuchanganya na roki, wakaisikia panki wakageuka wakapiga kwa kasi ambayo wazungu wenyewe walibaki mdomo wazi, na katikati ya shoo wanashusha rege. Albamu yao ya kwanza, 1982, ilitoka kwa kaseti tu. Na Afrika Kusini, Johannesburg, mwaka 1979 kunaanzishwa National Wake, weusi na weupe bendi moja, wakati sheria inasema hata mtaa mmoja wasikae. Albamu 1981. Fikiria ujasiri wake, sisi London tulikuwa tunaogopa kukosa basi.

Na wewe umekaa Coventry! The Selecter na The Specials walitoka hapo hapo, Pauline Black anaongoza bendi amevaa suti na kofia, mwaka 1979. Ile tunaita ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, sio panki lakini mlango ulioipitisha ni ule ule. The Clash wenyewe albamu ya kwanza 1977 wamerudia wimbo wa rege wa Junior Murvin, na Bob Marley alipokuwa London mwaka huo huo akaurekodi wimbo kuhusu rege na panki kukaa karamu moja. Hakuna aliyemlazimisha.

Lakini kama unataka kumwonyesha mwanao kitu kimoja tu mwonyeshe 30 Aprili 1978. Nyuma yake ni hivi, Agosti 1976 Eric Clapton, mpiga gitaa maarufu wa roki, alisimama jukwaani Birmingham akamuunga mkono Enoch Powell, yule mwanasiasa wa kutaka wageni warudishwe kwao. Watu wachache wakaandika barua kwenye majarida ya muziki kumjibu, kutoka hapo ukazaliwa mkusanyiko wa Rock Against Racism, roki dhidi ya ubaguzi. Wakati huo chama cha kibaguzi cha National Front kilikuwa kinaandamana mitaani na baba yangu alikuwa ametuwekea utaratibu, giza likiingia hakuna anayetembea peke yake. Siku ile ya Aprili tulikusanyika Trafalgar Square tukatembea mpaka Victoria Park mashariki ya mji, watu makadirio ni 80,000, wengine husema hata laki moja. Steel Pulse, Tom Robinson Band, The Clash, na mwanzoni kabisa X-Ray Spex. Baba alikuja. Amevaa tai! Hakuipenda hata nota moja, alizibaziba masikio, lakini tulipokuwa tunatembea alikuwa anageuka nyuma kila baada ya hatua kadhaa kuangalia watu wanaishia wapi, na haoni mwisho. Hakusema kitu mpaka tumefika nyumbani. Usiku akamwambia mama, nilimsikia kupitia ukutani, "walikuwa wengi, wengi kweli, na wametembea kwa ajili yetu."

Mwambie mwanao hiyo kaka. Ujana wako ulikuwa wako.

Shangazi unaisifia tu. Mimi nilikuwepo pia. Nakumbuka swastika kwenye mashati, nakumbuka ngumi, nakumbuka kutemewa mate. Niliacha kwenda. – Niliyeondoka

Asante kwa kuandika, na uko sahihi, sitakubishia.

Ile alama ya Manazi ilivaliwa, tena na watu ambao nyimbo zao nilizipenda, na utetezi uliokuwepo ni kwamba wanataka kuwakera wazee waliopigana vita. Mimi sikuuelewa wakati ule na sasa ndio siuelewi kabisa. Msichana mweusi unasimama ukumbini unaona alama ile mgongoni mwa mtu mbele yako, utajuaje kwamba huyu anatania na yule hatanii? Maana wapo ambao hawakuwa wanatania na miaka ya mwisho ya 1970 walikuwa wanakuja kwenye shoo makusudi kuzivunja. Mate nayo, watu walidhani kuitemea bendi ndio heshima, Joe Strummer wa The Clash aliugua homa ya ini 1978 na watu wengi wakalaumu mate hayo hayo. Na kwenye ukumbi mmoja, siutaji, mlinzi wa mlangoni aliwaingiza marafiki zangu wanne wazungu akanibakiza mimi nje na tiketi yangu mkononi. Walitoka wote wanne. Tukakaa kituo cha basi tunakula chipsi na mvua inanyesha.

Mimi nayaweka yote kwenye kumbukumbu, la mlinzi na la wale wanne waliotoka. Nikitoa moja, lingine nalo linakosa mahali pa kukaa. Kwa wewe kuondoka sikuoni umekosea hata kidogo, na kama kuna wimbo mmoja ulioupenda kabla mambo hayajaharibika bado ni wako, wale hawakupata haki ya kuuchukua.

Masikio yangu yanalia tangu shoo za ujana. Kuna dawa? – Nziii

Dawa ya kurudisha hakuna ndugu yangu, zile seli ndogo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Ila nenda kwa daktari wa masikio akupime, kwa sababu mlio unaweza kuwa na sababu nyingine inayotibika kama nta, na hata usipotibika zipo njia za kuufanya usikusumbue, vifaa vya kusikia vinasaidia wengi. Na wanao wanaoenda kwenye muziki waambie hesabu hii, sauti ya desibeli 85 sikio linavumilia saa 8, kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 100 una kama robo saa. Shoo nyingi zinapita 100. Vizibo vya masikio ni rahisi na muziki unausikia vile vile. Sisi tulisimama mbele ya spika tukaona ndio mapenzi.

Shikamoo dada mkubwa. Nina boksi zima la kaseti, bendi yetu ya shule, shoo tulizorekodi kwa redio kaseti tumeificha kwenye koti. Hazijachezwa miaka zaidi ya thelathini. Naogopa hata kuzigusa. Nifanyeje? – Boksi la viatu

Marahaba mdogo wangu. Ziguse, lakini kwa utaratibu.

Kwanza kabla ya kitu chochote vunja vile vimeno viwili vya plastiki juu ya kaseti, ili usije ukabonyeza kitufe cha kurekodia kwa bahati mbaya ukafuta miaka yako. Watu wameshalia kwa hilo. Pili fungua uangalie, pale katikati utaona kipande kidogo cha kitambaa kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha deki, gundi yake hukauka kikadondoka, kama hakipo usicheze, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima yenye skrubu. Ukiona ukungu mweupe iweke pembeni mpelekee fundi, usiichanganye na wenzake.

Halafu tafuta deki ya maana, sio kale karedio ka chooni. Safisha kichwa chake na vile viringi kwa pamba na spiriti safi, acha ikauke. Kaseti ipeleke mbele mpaka mwisho halafu irudishe mpaka mwanzo mara moja kabla hujaicheza, utepe uliokaa miaka umejikaza sehemu zingine na kulegea sehemu zingine. Toa waya kwenye tundu la sauti la deki, sio la hedifoni, ingiza kwenye kompyuta kupitia kifaa kidogo cha kuingizia sauti, rekodi kwa faili la WAV, biti 24, kilohezi 48. Ikisikika imefifia kama mtu anaongea ndani ya mto basi pembe ya kichwa haijalingana na ile redio iliyorekodi, kuna kiskrubu kidogo pembeni ya kichwa, mwite anayejua akizungushe taratibu huku mnasikiliza. Kaseti ya dakika 90 itakuchukua dakika 90, hakuna njia ya mkato, pika chai. Ukimaliza weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, kaseti zenyewe zisimamishe kama vitabu mbali na joto na mbali na spika, na usizitupe.

Na jambo la mwisho ambalo nalisisitiza kuliko yote. Kuna programu zitakuambia zinaondoa kelele. Tengeneza nakala moja ya kusikiliza kama unataka, lakini ile ya kwanza iache na kelele zake zote, vikohozi, chupa kuanguka, mtu anauliza nani ana kiberiti, yule jamaa anayepiga mluzi nyuma. Nyimbo mnaweza kuzipiga tena. Yule wa mluzi hamumpati tena.

Dada, sisi tulikuwa wasichana watatu, tulianza bendi 1979, mimi gitaa, rafiki yangu mmoja ngoma, tulijifunzia humo humo. Tulipiga shoo tano tu. Baadaye huyo wa ngoma alirudi kwenye maisha ya kawaida, akawa mwalimu, mama, bibi, mtu wa kuheshimika sana na mnyamavu. Amefariki miezi miwili iliyopita. Msibani nilisikia wanavyomwelezea nikagundua watoto wake hawajui kabisa upande ule. Nina beji yake na kaseti moja ya mazoezi. Niwapelekee au ni kumvunjia heshima marehemu? – Gitaa

Pole sana mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikatoka nje kidogo.

Nimejiuliza kama aliwaficha au hakuulizwa tu. Mara nyingi ni la pili. Sisi wanawake hasa, mtoto anakukuta tayari ni mama, hana sababu ya kuwaza kwamba kuna siku ulikaa nyuma ya ngoma una miaka 18 unapiga mpaka vijiti vinavunjika. Mimi wangu walijua kwa sababu ya picha moja iliyodondoka kwenye kitabu, wakanyamaza wananiangalia, halafu yule mdogo akasema mama ulikuwa unacheka sana.

Kama angekuwa amekuambia kwa mdomo wake usimwambie mtu, ningesema kaa nayo. Hukuandika hivyo. Kwa hiyo nenda. Usiende siku ya watu wengi, subiri shughuli za msiba ziishe, mpigie yule mtoto aliye karibu naye zaidi, mwambie nina kitu cha mama yako naomba nikuletee mwenyewe. Usiende na stori ya kwamba alikuwa mtu mwingine, maana watu waliofiwa hawataki kunyang'anywa mama waliyemjua. Huyo mwalimu mnyamavu anayepanga daftari kwa mstari na huyo mpiga ngoma ni mtu mmoja, na ukikaa nao utaona wao wenyewe wanaanza kuunganisha, kumbe ndio maana alikuwa anagonga gonga vidole mezani akisahihisha.

Waelezee na jinsi mlivyoanza, maana ndicho kitu ambacho hakiko kwenye picha. Kuna mchoro mmoja ulitoka Januari 1977 kwenye kijarida cha kujichapia kinaitwa Sideburns, watu wengi husema ulikuwa wa Sniffin' Glue lakini hapana, mchoro wa kodi (chord) tatu za gitaa, yaani namna tatu za kubana nyuzi, zimechorwa kwa mkono na chini unaambiwa haya sasa anzisha bendi. Naamini mliuona, au mlimwona aliyeuona. Wasichana watatu hawajui kupiga wakasema tunaanza leo. Waambie watoto wake kwamba mama yao alikuwa na ujasiri huo kabla hawajazaliwa, na shoo tano sio chache, waambie zilikuwa wapi na alivaa nini.

Beji wape, abaki nayo yule atakayeivaa. Kaseti ihamishe kwanza kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu, wewe baki na nakala, wao wapate kaseti yenyewe. Umeandika kwenye barua yako, chini kabisa kwenye nyongeza, kwamba mwanzo wa kila wimbo anasikika anahesabu moja mbili tatu nne, na mara zote anahesabu haraka kuliko mnavyoweza kupiga, na kwenye wimbo wa tatu anaharibu hesabu anaangua kicheko mnaanza upya. Ukiwa unazigawa nyimbo kwenye kompyuta utatamani kusafisha mianzo yake ianzie kwenye gitaa. Usikate hapo dada. Waanzishie hapo hapo, kwenye moja.